Mkono wa Kushoto Mfukoni

6 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta kwenye kiti chako cha dirishani, miwani ikiwa juu ya paji la uso, nawe ukiitafuta mezani. Sisi hatujambo. Mama yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Goti linamsumbua, mdomo haujambo kabisa. Anauliza kaka yake angepungukiwa nini kama angeandika walau mstari mmoja. Nimemwambia simu huitaki kwa sababu ukipigiwa unasikia mbu tu, na barua lazima mtu aianze. Basi nimeanza mimi.

Mume wangu anakusalimu sana. Tangu wampe ukuu wa karakana ya umeme pale kwenye kiwanda chao cha sabuni, analala kidogo na kuongea sana. Mafundi wake walikuwa wakigombania testa mbili za bisibisi za kupimia umeme, na stoo ya kiwanda ukiiomba kitu leo unakipata umeshastaafu. Akaamua kuagiza mtandaoni zile testa za kalamu zisizogusa waya. Unasogeza ncha karibu na waya, na kama una moto, yaani umeme umo, kalamu inawaka taa nyekundu na kulia. Bei yake ilikuwa ya kutupa, akaagiza katoni nzima kwa fungu la karakana. Mafundi wamezipenda. Lakini yupo fundi mmoja wa siku nyingi anayesema hivyo ni vitu vya kuchezea watoto, na maneno yamemfikia meneja.

Meneja ni mwanafunzi wako wa chuo cha ufundi, yule uliyekuwa ukimwita Kobe. Mpaka leo hamalizi mkutano bila kukutaja. Mume wangu anasema Mjomba akizipima na kusema zinafaa, hakuna wa kubisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza, sikumsukuma. Nimekutumia kumi ndani ya kopo la majani ya chai. Zipime, utuandikie ukweli wako kama kawaida.

Mpwa wako anayekupenda.


20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba goti bovu ni la ukoo, na kwamba la kwangu lilianza kulalamika kabla ya lake bila mimi kumwandikia mtu. Mimi ni mzima. Asubuhi nazunguka uani kidogo, mchana nasoma, jioni namsikiliza jirani yangu mshonaji akinieleza mambo ya watu nisiowajua. Huyo mama huja kunitazama bila kuombwa na kunipikia vitu visivyo na chumvi. Msijisumbue kuja, barabara ni mbovu.

Nimezipokea testa za mumeo. Ningependa kukuambia nilizifungua, lakini ya kwanza ilijifungua yenyewe. Kibanio cha kuning'iniza mfukoni kilibaki mkononi mwangu, mwili wake ukaenda zake chini ya meza. Zimetengenezwa vipande viwili vilivyobandikwa kwa gundi, na aliyebandika alikuwa na haraka ya kwenda kwao. Ubavuni zimeandikwa kwamba zinastahimili volti elfu moja. Nimeyafuta maandishi hayo kwa kidole gumba. Usalama unaofutika kwa jasho sijawahi kuuona, na nimeona mengi.

Nyuma zina tochi. Tochi inafanya kazi vizuri mno. Mwizi akizipata atamshukuru mumeo.

Nilizisogeza zote, moja baada ya nyingine, kwenye waya wa taa ya mezani. Taa inawaka mbele ya macho yangu, waya una moto, wala hapo hapahitaji digrii. Zote kumi zikanyamaza kama watoto walioulizwa nani amekula nyama.

Sasa nisikilize. Kifaa kilichokufa humpotezea mtu muda, basi. Testa inayonyamaza mbele ya waya wenye moto inamwambia mtu: shika. Na fundi aliyechoka, anayetaka kwenda kula, atashika. Bwana Vifurushi wako amewanunulia wafanyakazi wake katoni ya ruhusa ya kufa, na akapunguziwa bei.

Amenunua testa kama mtu anunuavyo soksi. Angalau soksi zikitoboka unaona kidole.

Zichomwe, na mumeo ajifunze kuuliza kabla ya kununua.

Mjomba wako.


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema nikuambie goti lake halikutoka kwenye ukoo, lilitokana na kupanda ngazi za nyumba yako uliyokataa kuijenga chini. Watoto wamefunga shule. Wa mwisho ameota tena meno ya mbele, sasa anacheka hata pasipo na sababu.

Barua yako niliisoma peke yangu jikoni, nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Nilitaka kumwambia mume wangu polepole, kwa maneno yenye adabu kuliko yako. Sikuwahi. Siku iliyofuata meneja alimwita ofisini na kumuuliza kama anajua kwamba amewanunulia watu "katoni ya ruhusa ya kufa". Mjomba, hayo ni maneno yako, neno kwa neno. Barua yako haijatoka chini ya godoro. Nani amemwambia?

Jambo la pili. Mume wangu alichukua zilizobaki karakanani akazijaribu mbele ya mafundi wote, kwenye soketi, kwenye mota, kwenye nyaya za taa. Nyingi ziliwaka. Si zote. Mbili au tatu zilikuwa za ovyo, hilo amelikubali mwenyewe na amezivunja kwa nyundo. Lakini nyingi ziliwaka. Meneja anasema hawezi kusikiliza majaribio ya mtu anayejitetea wakati neno la Mwalimu lipo.

Sisemi umekosea. Nauliza tu, ulizipimaje? Ulikuwa umesimama wapi, ulizishikaje, betri zilikuwa nzima? Uniandikie kwa utaratibu kama ulivyokuwa ukiwafundisha, ili nami niwe na la kusema katika nyumba hii.

Mpwa wako.


30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua. Usijali mwandiko huu uliolala upande, kalamu za siku hizi nazo nadhani zinatoka kwenye duka lile lile la mumeo.

Unaniuliza nilizipimaje. Nilianza kupima umeme kabla mama yako hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Nimewafundisha wakaguzi, na wakaguzi hao wamewafundisha wengine. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza nimesimama wapi. Ukienda kwa daktari, humwambii akuoneshe alivyonawa.

Unasema mumeo amezijaribu zikawaka. Nafurahi kwa ajili yake. Mtu aliyenunua kitu kwa pesa ya watu ana macho makali sana ya kuona taa nyekundu. Nina hakika angeona hata isiyowaka. Na hebu fikiri, amekiri mwenyewe kwamba mbili au tatu zilikuwa mbovu. Basi fundi akiingiza mkono kwenye katoni, anashika ipi? Huo ni mchezo wa kamari, na mumeo ndiye anayechanganya karata.

Kuhusu meneja, watu wawili wenye akili wanaweza kufikia neno moja bila kuonana. Kobe hakuwa na akili nyingi, lakini huenda zimeongezeka.

Unapoolewa na mtu unaolewa na manunuzi yake. Nilikuambia hivyo alipokuja nyumbani kwangu mara ya kwanza na ile saa yake yenye dira, kipimajoto na kila kitu isipokuwa majira. Ulicheka. Sasa cheka tena.

Nisalimie watoto. Yule wa meno mwambie asicheke bure, atazoea.

Mjomba wako.


17 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama amerudi kwake jana. Alitaka kupitia kwako kwanza, nikamwambia umeandika barabara ni mbovu. Akasema barabara ya kwako huwa mbovu kila unapokuwa na jambo.

Unajua kwamba mume wangu alikuja kwako wiki iliyopita. Hakuniaga kwamba anakuja huko, nilikuta tiketi. Nilidhani amekwenda kugombana. Alirudi usiku, akaoga, akakaa kwenye ngazi. Nimemuuliza mmesemezana nini, anasema, "Mjomba hajambo." Nimemuuliza zile testa mmezipima pamoja, anasema, "Mjomba hajambo." Mtu ambaye akinunua balbu anatusimulia kuanzia dukani. Na shati lake nilipolifua lilikuwa linanuka dawa ya kuchua. Wewe unatumia dawa ya kuchua, Mjomba?

Mambo yamekuwa mabaya. Meneja amekusanya testa zote na kuzifungia. Mume wangu wamemtoa karakanani, wamempeleka ghalani kuhesabu maboksi ya sabuni mpaka kamati ya nidhamu ikae. Kamati ikimtia hatiani atafukuzwa, na kwa sababu aliyosemewa, ya kuhatarisha wafanyakazi, hakuna kiwanda kingine kitakachomchukua. Kinachoniumiza ni kwamba hajitetei. Wamemwambia alete maelezo, ameleta karatasi yenye mistari miwili. Fundi yule wa siku nyingi sasa anakaa kwenye kiti chake.

Nakuuliza kwa mara ya pili, nikiwa nimepiga magoti. Ulizipimaje?

Mpwa wako.


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii anaiandika jirani, nimejikata kidole nikichonga penseli. Mumeo alikuja, akanywa chai, akaondoka. Hakuna la kusimulia. Dawa ya kuchua ni ya jirani huyu, ana mgongo.

Kama mtu hajitetei, pengine hana la kujitetea. Nilichosema nimesema.

Mjomba wako.

(Mimi mwandishi naongeza: mgongo wangu ni mzima kabisa. Amenikataza kuandika zaidi ya hapo.)


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Watoto hawajambo.

Kamati itakaa tarehe 12 Juni. Sitakuuliza tena ulivyozipima. Nimechoka kuuliza na nimeanza kuona kwamba ulikuwa sahihi tangu mwanzo, juu ya testa na juu ya mtu mwenyewe. Mimi na yeye hatugombani tena. Mtu unagombana na unayemtarajia kitu. Nikimwona anarudi na vumbi la sabuni kwenye nyusi, akikaa mezani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, nasikia sauti yako masikioni mwangu. Juzi nilimwita Bwana Vifurushi mbele ya watoto. Wakacheka, hata yule mdogo. Yeye akainuka, akatoka nje kufunga baiskeli ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Mama ananiambia nirudi kwake kwa muda. Nafikiri nitakwenda baada ya kamati, nikiwa na watoto. Nimekuandikia ili ujue kwamba ulinionya.

Mpwa wako.


29 Mei

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Marahaba, na marahaba ya zile shikamoo zote nilizokuitikia kwa kejeli. Mkono huu ni wangu mwenyewe. Ukiona mistari inashuka, iache ishuke. Nimeandika kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na jirani amekuwa akinishikia ubao.

Usifungashe chochote kabla hujamaliza kusoma.

Sizunguki uani. Sijauzunguka tangu mvua za mwaka jana. Miguu ilianza kunikataa mmoja, kisha mwenzake akaona aibu kubaki peke yake. Kiti cha dirishani jirani anakitumia kuanikia shuka. Daktari ameacha kuniandikia dawa za kuponya, sasa ananiandikia za kulala, na alipoulizwa kuhusu mwakani alianza kuzungumzia moyo wake yeye unavyohuzunika. Nikamwambia abaki na moyo wake, wangu unatosha kunipa shida. Sikukuandikia kwa sababu ungekuja na matandiko, na kuanzia siku hiyo ningekuwa mgonjwa wenu. Nilitaka kubaki mtu anayeulizwa.

Testa zako zilinikuta kitandani. Huku nikiwa nimelala chali, jirani aliniletea taa ya mezani. Ili waya usiteleze na kuiangusha taa, niliushika kwa mkono wa kushoto, nikaukumbatia kifuani kabisa kama mtoto na mto wake. Kwa mkono wa kulia nikazisogeza testa. Zote zikanyamaza. Nilifurahi, mwanangu. Hilo nataka ulijue. Sikusikitika kwamba mafundi watakufa, nilifurahi kwamba mumeo amekosea. Nilikuandikia wewe, na kabla gundi ya bahasha yako haijakauka nikamwandikia Kobe, maneno yale yale, na mengine mabaya zaidi. Watu wawili wenye akili hawakufikia neno moja. Nilikuwa mmoja tu, nikiandika mara mbili.

Muulize mwanafunzi wangu yeyote, hata aliyefeli, amekumbuka nini kutoka kwangu. Atakuambia: mkono wa kushoto mfukoni. Niliwapigia kelele hiyo mpaka wakaniimba nayo. Sababu ya kwanza ni kwamba umeme ukikuingia mkono mmoja na kutokea wa pili unapita kwenye moyo. Sababu ya pili ni ya hizi kalamu. Testa ya kalamu inahisi tofauti kati ya waya na mwili wa aliyeishika. Mwili wako ni nusu ya kifaa. Ukiukumbatia waya, hata ukiwa na ganda lake la plastiki, mwili wako unaanza kufanana nao, na ukiwa juu ya godoro, mbali na sakafu, ndivyo hivyo zaidi. Testa inatafuta tofauti, haioni, inanyamaza. Si ubovu wake. Ningemkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipima vile ningemtoa nje ya darasa na kumwita baba yake.

Niligundua siku chache baada ya barua yako ya Machi. Jirani alikuwa akibadilisha shuka, akaninyang'anya waya mkononi ili auvute pembeni. Testa ilikuwa imelala juu ya blanketi karibu na kidole changu. Nikaichukua kwa kucheza tu, nikaisogeza. Ikawaka. Nikaushika waya tena, ikazima. Nikauacha, ikawaka. Jirani akaniuliza ni mdudu gani analia.

Kwa hiyo barua ya tarehe 30, yenye daktari anayenawa na karata na saa yenye dira, niliiandika nikijua. Isome tena ukiwa na hilo kichwani. Sitaki uniachie hata mstari mmoja.

Kisha mumeo akaja. Mlango ulikuwa wazi, akaingia mpaka chumbani na maneno yake mdomoni, akaniona, akayameza. Jirani hakuwepo na mimi nilikuwa katika hali ambayo mtu hapendi kuonekana nayo. Alivua saa yake, akakunja mikono ya shati, akanisafisha, akanigeuza, akanichua mgongo. Ndipo akaona taa na testa juu ya blanketi.

"Mjomba, ulizipimia hapa hapa kitandani?"

Nikamwambia, "Ya chumba hiki yabaki chumba hiki. Mke wako asijue."

Akaniangalia. Si mwepesi wa akili, lakini siku ile naona alihesabu haraka. "Sawa, Mjomba," akasema. "Mimi sijaona kitu."

Angeweza kutoka pale akaenda moja kwa moja kwa Kobe na kumwambia Mwalimu wenu ni mzee wa kitandani, anapimia chini ya blanketi. Angepewa karakana yake siku hiyo hiyo. Alirudi kuhesabu maboksi ya sabuni. Na wewe ukamwita jina nililomtungia mimi, mbele ya watoto wake, akaenda kufunga baiskeli. Barua yako nilisomewa na jirani. Alipofika hapo kwenye baiskeli aliiweka chini, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Juzi tulizipima upya. Kwa kuwa nguo zangu za kulalia hazina mfuko, jirani amenishonea mmoja upande wa kushoto, mkubwa kama wa mbebaji mizigo, huku akisema hajawahi kuona mgonjwa anayehitaji pa kuweka chenji. Akaniketisha, akaniteremshia nyayo kwenye sakafu. Saruji ilikuwa baridi, nilikuwa nimeisahau. Mkono wa kushoto nikauweka mahali pake. Nane ziliwaka kila mara. Moja inawaka hata ukiielekeza kwenye mto, ni chizi. Ile iliyovunjika inawaka ukiipiga, kama wanafunzi wangu.

Hukumu yangu basi ni hii. Ni takataka za bei ya takataka, kibanio chake ni aibu, na aliyeandika volti elfu moja ubavuni pake alale na dhamiri yake kama anayo. Hilo sifuti. Lakini nane kati ya kumi zinaona moto, na mimi niliandika kwamba hakuna hata moja. Ikiwaka, iamini. Ikinyamaza, usiiamini, ijaribu kwanza kwenye waya unaojua una moto, kisha kwenye wako, kisha rudi tena kwenye ule wa kwanza. Mumeo angewafundisha mafundi hivyo, kosa lake lingekuwa dogo. Alinunua bila kupima, nami nikahukumu bila kupima. Yeye alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa na muda wote duniani.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kwenda kwa Kobe. Nimemweleza kitanda, waya, kifua, mkono, na siku niliyojua. Isomwe kwa sauti mbele ya kamati nzima, na fundi wa siku nyingi awepo. Mkiona haya kunisoma, nitakuwa nimeandika bure, na muda wa kuandika nyingine sina.

Jina lile la Vifurushi nalitaka lirudi kwangu. Lirudishe mbele ya wale wale waliocheka.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko mfukoni.

Mjomba wako.


13 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Barua ilifika tarehe 10. Niliisoma jikoni mara mbili, nikampelekea yeye ghalani bila kusubiri arudi. Alisoma akiwa amekaa juu ya boksi. Nilitegemea atafurahi. Alikasirika, akasema hakunyamaza miezi yote hiyo ili wewe mwenyewe uje ujianike. Akataka kuichana ile ya meneja. Tuligombana pale pale mbele ya wabeba mizigo, ugomvi mzuri, wa kwanza tangu Aprili, na nilishinda.

Meneja aliisoma mwenyewe jana, kwa sauti. Ulimwita Kobe, na alisoma taratibu kweli kama jina lake. Nilikuwa nimekaa nyuma, wameniruhusu kwa sababu nilileta barua. Alipofika pale unapoukumbatia waya alisimama, akavua miwani. Wajumbe wanne wa kamati ulikuwa umewafundisha. Hakuna aliyecheka. Fundi wa siku nyingi akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye amewahi kushika hivyo, na hakulazimishwa na mtu kusema.

Mume wangu amerudishiwa karakana. Amepewa onyo la maandishi kwa kununua bila kibali, na meneja amesema onyo hilo ameliandika kwa maneno yako ili liume. Testa mbovu zitavunjwa, nzima zitabaki, na ukutani pataandikwa ile kanuni yako ya kupima mara tatu.

Jina nimelirudisha mezani jana usiku. Nimewaambia watoto lilikuwa la kwako na kwamba nililiokota vibaya. Yule mdogo ameuliza kama sasa akuite Babu Vifurushi. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Mume wangu nilimwomba radhi tulipozima taa. Asubuhi nikakuta ameninunulia kitu mtandaoni, bado sijui ni nini.

Tunakuja Jumamosi, wote, na Mama, na matandiko. Barabara usituambie chochote. Tutakaa, na hatutahesabu siku. Utaendelea kuulizwa, usihofu, kwa sababu mtu huyu ameagiza tena. Ni testa ya aina nyingine, anasema hii ni ya uhakika, inaongea. Nimemsihi aiache nyumbani. Amekataa. Anataka uidharau mwenyewe, ukiwa umekaa, nyayo zako chini, na amesema mgongoni atakushika yeye.

Mpwa wako.